Maswali ya Wasomaji: Maji Yaliyofungwa Ndani ya Miamba Inayozama

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma na mikoa ya jirani, na karibu zote zinagusa jambo moja: madini yanayobeba maji, na yanakofikia bamba la bahari (kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia) linapozama chini ya bamba jingine. Majibu yameandaliwa na jopo letu la jiolojia. Joto lote humu ni la nyuzi za Selsiasi.

SWALI: Wahariri, salaam. Sisi ni wachimbaji wadogo huku Haneti. Tukifuata mkanda wa krisopresi tunatoa mawe mengi ya kijani kilichopauka, yanateleza mkononi, nayo tunayamwaga kifusini. Kijana mmoja wa jiolojia aliyepita hapa alisema mawe hayo yana maji zaidi ya sehemu kumi kwa mia. Tumeyapasua, tumeyaanika juani, hata tone hatukuona. Alitutania?
Mchimbaji, Haneti, Chamwino

JIBU: Hakuwatania, ndugu zetu. Kwa maelezo yenu jiwe hilo ni serpentini, na kila gramu 100 za serpentini safi zina gramu 13 za maji. Ila si maji ya kuchota. Yamo kama haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana (OH), zikajengwa ndani ya fuwele pamoja na magnesi na silika: Mg3Si2O5(OH)4. Jua la Dodoma, kwa ukali wake wote, halina ubavu wa kuzing'oa. Maji hutoka pale fuwele yenyewe inapovunjika, na likishavunjika si madini yale tena. Jasi, ile inayochimbwa Itigi, ina maji karibu asilimia 21, lakini yake yameshikwa kwa ulegevu: kwa nyuzi 150 hivi huachia robo tatu ya maji hayo ikawa plasta. Serpentini ikichomwa hewani huanza kuyamwaga maji kwa wingi inapokaribia nyuzi 550 na humaliza kwenye 750 hivi.

Mkitaka kuyapima, tafuteni maabara yenye tanuri la umeme na mizani inayosoma gramu 0.001. Jiko la mkaa halifai, joto lake halishikiki. Kabla ya yote, jihadharini: baadhi ya serpentini ni krisotaili, ambayo ndiyo asbesto nyeupe. Ukiona mishipa yenye nyuzinyuzi za kung'aa zinazochanika kwa kucha, jiwe hilo usilisage kabisa. Hata lisilo na nyuzi lisagwe likiwa limeloa, na msagaji avae barakoa ya P100, kwani ya N95 haitoshi kwa asbesto.

Unga ukiwa tayari, ukausheni kwa nyuzi 110 kwa saa mbili ili unyevu wa kawaida utoke. Chukueni kikombe cha kauri kilichokwisha kuchomwa kwa nyuzi 1,000, mkipime kikiwa kitupu, halafu mweke unga wa gramu 2 hivi na kupima tena. Choma kwa nyuzi 1,000 kwa saa moja na nusu. Kikitoka kisipoe mezani, kwa sababu unga uliochomwa unavuta unyevu wa hewani na utawadanganya. Kipoe kwenye chombo kilichofunikwa chenye silika jeli, dakika 40, ndipo kipimwe. Gramu 2.000 zikirudi 1.745, kilichopotea ni asilimia 12.75, nayo ndiyo namba ya serpentini.

Ikija asilimia 20 au 30, msishangilie. Hapo mna magnesaiti ndani, ile mishipa myeupe migumu inayokatiza serpentini, na kilichoondoka ni hewa ya kaboni: magnesaiti safi hupoteza asilimia 52 ya uzito wake. Tone la asidi ya haidrokloriki lililopashwa moto litaonyesha povu. Asidi baridi kwa magnesaiti huwa haionyeshi kitu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ikija 9 au 10, huenda jiwe limechanganyika na olivini (madini yasiyo na maji ambayo serpentini hutokana nayo) isiyobadilika, au kuna chuma kilichovuta oksijeni wakati wa kuchoma. Kila gramu 1 ya oksaidi ya chuma ya FeO huongeza gramu 0.11, na ongezeko hilo hufunika sehemu ya maji yaliyotoka.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nafundisha jiografia kidato cha tano na cha sita. Kitabu kimoja kinasema madini yenye maji huvunjika kwenye kina cha kilomita 80 hadi 100, ndiyo maana volkano hujipanga juu ya kina hicho. Kingine kinasema yanavuka kilomita 200. Wanafunzi wananibana. Nishike kipi?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Mwalimu, vyote viwili vina haki, ila vimejibu swali lenye pengo. Ukiuliza "hadi kina gani" bila kutaja joto, hujauliza bado.

Mgandamizo unapanda na kina karibu sawasawa kila mahali: kila kilomita 30 hadi 35 huongeza gigapaskali 1 (GPa), ambayo ni mara 10,000 hivi ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Joto ndilo halina usawa. Bamba la Pasifiki linalozama kaskazini mashariki mwa Japani lina umri wa miaka milioni 130 hivi na linakwenda sentimita 8 hadi 9 kwa mwaka. Limekwisha kupoa kwa umri, tena linashuka upesi kiasi kwamba halipati muda wa kupashwa. Bamba la Juan de Fuca, chini ya pwani ya Washington na Oregon nchini Marekani, lina miaka milioni 10 hivi tu na linajikokota kwa sentimita 4. Kwenye kina kilekile mabamba hayo mawili hupishana kwa mamia ya nyuzi. Jiwe lililobeba maji salama Japani lingekwisha kuyamwaga zamani huko Oregon.

Bamba lenyewe lina tabaka tatu na kila moja lina wabebaji wake. Juu kuna matope ya bahari, ambayo maji yake ya kwenye vinyweleo hukamuliwa mapema. Chini yake kuna basalti yenye unene wa kilomita 7 hivi. Humo madini yaitwayo amfiboli hubeba maji asilimia 2 tu na huvunjika kwenye GPa 2.2 hadi 2.5, yaani kilomita 70 hadi 80. Namba ya kitabu chako cha kwanza inatoka hapo. Lakini ndani ya basalti hiyohiyo, ikiwa baridi, kuna losonaiti yenye maji asilimia 11.5, nayo huweza kufika karibu kilomita 300. Ulanga wa aina ya fenjaiti, wenye asilimia 4, unavumilia hadi karibu GPa 10. Tabaka la tatu ni mwamba wa koti la dunia, yaani lile tabaka nene lililo chini ya ganda. Maji ya bahari hupenya humo kupitia nyufa bamba linapojikunja kabla ya kuzama, na olivini hugeuka serpentini. Katika kina serpentini inayodumu ni ya aina ya antigoraiti. Lizadaiti na krisotaili ni za joto la chini.

Sasa mpe kila mwanafunzi karatasi ya grafu. Mlalo uwe joto, nyuzi 0 hadi 900. Wima uwe mgandamizo, GPa 0 hadi 8, sifuri ikiwa juu ili kina kiende chini. Mpaka wa antigoraiti, kwa vipimo vilivyochapishwa 1995 na vinavyotajwa sana hadi leo, unapita karibu na nyuzi 720 kwenye GPa 2, nyuzi 690 kwenye GPa 3, na nyuzi 620 kwenye GPa 5. Maabara nyingine zinapishana na hizo kwa makumi ya nyuzi, na aluminiamu ikiwamo ndani ya madini husogeza mpaka upande wa joto zaidi. Wanafunzi waunganishe nukta. Wataona mstari unarudi nyuma: kuanzia GPa 2 kwenda chini, kadiri mgandamizo unavyozidi ndivyo serpentini inavyohimili joto dogo zaidi.

Wengi hukwama hapa, kwa hiyo tueleze. Serpentini ikivunjika inakuwa olivini, enstataiti (madini mengine ya magnesi na silika yasiyo na maji) na maji. Karibu na uso wa dunia maji hayo huchukua nafasi kubwa, na mgandamizo hauruhusu nafasi kupanuka, kwa hiyo huilinda serpentini. Kadiri tunavyoshuka maji yenyewe hubanwa. Yakishabanwa vya kutosha, olivini, enstataiti na maji kwa pamoja huchukua nafasi ndogo kuliko serpentini waliyotoka. Kuanzia hapo mgandamizo unageuka kuwa mvunjaji.

Wakishachora mpaka, wachore njia mbili za bamba kutoka kona ya juu kushoto: moja ya nyuzi 3 kwa kila kilomita, nyingine ya nyuzi 7. Njia ni mstari ulionyooka kwa kurahisisha tu. Njia halisi hupinda. Ya pili itakata mpaka kwenye kina cha kilomita 100 hivi. Ya kwanza itafika GPa 6, kilomita 180 hadi 200, ikiwa bado iko ndani. Na hapo kuna lango.

Kwenye GPa 6 hivi, ikiwa joto liko chini ya nyuzi 600 au karibu na hapo, antigoraiti haigeuki olivini. Inarithiwa na madini mengine yenye maji yaitwayo Fezi A, Mg7Si2O8(OH)6, yenye maji asilimia 11.8. Joto likizidi hapo, hakuna mrithi na maji yote hutoka. Vitabu vingi huishia kusema bamba baridi "hupita salama". Fanyeni hesabu ya kemia darasani muone. Serpentini 5 hutoa Fezi A 1, enstataiti 8 na maji 7. Serpentini hizo 5 zilikuwa na maji 10. Kwa hiyo hata kwenye njia ya baridi, serpentini tupu hupoteza sehemu saba kwa kumi hapo langoni.

Kinachookoa maji ni olivini iliyobaki bila kubadilika. Katika joto na mgandamizo uleule, olivini 5 hunywa maji 3 na kutoa Fezi A 1 na enstataiti 3. Mwamba ukiwa na serpentini pungufu kidogo ya nusu kwa uzito na zilizobaki ni olivini, maji yanayotoka upande mmoja hunywewa upande wa pili, na kwa hesabu ya mfumo safi wa magnesi hakuna kinachopotea. Ndiyo kusema bamba lililoloa nusu hufikisha mzigo wake wote, wakati lililoloa chepechepe humwaga mwingi njiani. Tungependa jambo hili lifundishwe zaidi kuliko lile la volkano.

Kuhusu volkano zenyewe: ni kweli kwamba kwa wastani zinasimama kilomita 100 hivi juu ya bamba. Lakini hakuna madini mamoja yanayokufa hapo na kuziwasha. Maji hutoka kidogokidogo kwenye kina kirefu kinachofuatana, na zinaposimama hutegemea pia joto la koti lililo juu ya bamba, ambalo ndilo linaloyeyuka likipata maji hayo. Makadirio ya 2011 yaliyojumlisha kanda zote za dunia yanasema karibu theluthi moja ya maji yaliyofungwa ndani ya madini hufika kilomita 240.

SWALI: Je, matetemeko tunayoyasikia huku Bahi na Dodoma mjini yanatokana na maji hayo kutoka kwenye mawe?
Msomaji, Bahi

JIBU: Hapana. Chini yetu hakuna bamba linalozama. Yetu ni ya Bonde la Ufa: ganda linavutwa na kupasuka kwenye nyufa kama ile ya Bubu, na hutokea ndani ya ganda, si mbali na uso. Yanayohusishwa na madini kuachia maji ni yale ya kilomita 70 hadi 300, mfano chini ya Japani. Katika kina hicho mwamba hubanwa mno kiasi kwamba ulitarajiwa upinde badala ya kukatika. Majaribio ya Raleigh na Paterson ya 1965 yalionyesha serpentini inayopoteza maji hukatika ghafla. Kama hiyo ndiyo sababu pekee, wataalamu bado wanavutana.

SWALI: Shikamooni. Nasoma jiolojia hapa Dodoma, mwaka wa tatu. Mhadhiri ametuonyesha mchoro wa mipaka ya madini hadi GPa 20. Hakuna aliyefika huko chini. Mipaka hiyo inapatikanaje hatua kwa hatua, na unajuaje kama imekosewa?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Inapatikana kwa kupika sampuli ya miligramu chache, na imewahi kukosewa mara nyingi tu.

Hadi GPa 4 hutumika mashine ya pistoni na silinda. Kutoka hapo hadi GPa 25 hutumika mashine ya fuawe nyingi: vipande vinane vya tangsteni kabaidi vyenye umbo la mchemraba, vilivyokatwa pembe, vinabana kipande cha oksaidi ya magnesi chenye nyuso nane. Sampuli, tanuri dogo na waya za kupimia joto vyote viko ndani ya kipande hicho, ambacho kinatosha kiganjani.

Tuseme unataka mpaka kati ya antigoraiti na Fezi A. Kwa gramu 1 ya mchanganyiko wenye kemia ya serpentini, pima brusaiti gramu 0.421, oksaidi ya magnesi gramu 0.145 na silika gramu 0.434. Brusaiti, Mg(OH)2, ndiyo inayoleta maji, nayo ni afadhali kuliko kudondosha maji kwa sindano kwa sababu inapimika na haivukizi wakati wa kulehemu. Oksaidi ya magnesi ichomwe kwa nyuzi 1,000 usiku kucha kabla ya kupimwa: ikikaa kwenye chupa inakunywa unyevu na hewa ya kaboni, na hapo hesabu yako ya maji imekwisha kuharibika kabla hujaanza. Brusaiti usiichome, utaifukuza maji. Nyuzi 110 zinaitosha. Saga vyote pamoja kwa saa nzima ndani ya asetoni.

Kapsuli ni bomba la dhahabu, kipenyo cha milimita 2 na urefu wa 3. Lehemu upande mmoja, jaza, bana, kisha lehemu wa pili huku sehemu ya chini imezungushiwa karatasi iliyoloa ili sampuli isipate moto. Pima, acha kwenye tanuri la nyuzi 110 usiku mmoja, pima tena. Ikipungua hata miligramu 0.1, inavuja, itupe. Kuokoa kapsuli mbovu ni kujipotezea wiki ya mashine.

Mgandamizo hupandishwa polepole kwa saa kadhaa, ndipo joto linafuata. Kwa nyuzi 550 hadi 600 saa moja haitoshi, mmenyuko ni mzito. Acha siku moja au zaidi. Halafu zima umeme. Joto huanguka mamia ya nyuzi ndani ya sekunde moja na madini hubaki yalivyo. Kushusha mgandamizo kuchukue saa 10 au 15, kwani mashine nyingi hulipuka wakati wa kushusha, si wa kupandisha, na fuawe zikipasuka ni gharama. Ukiitoa kapsuli, pima, toboa kwa sindano, kausha, pima tena: kilichopungua ni maji yaliyokuwa huru. Yaliyobaki yamo kwenye madini, ambayo utayatambua kwa eksirei na kwa kipimo cha mwanga wa leza kiitwacho Raman.

Sasa makosa. La kwanza na baya kuliko yote ni kwenda upande mmoja tu. Ukipasha antigoraiti hadi ivunjike, utakuta imevunjika kwa joto la juu kuliko mpaka wa kweli, kwa sababu fuwele huchelewa. Mtafiti makini huweka ndani ya kapsuli moja antigoraiti pamoja na mazao yake, halafu huangalia nani amekua na nani amepungua. Ukisoma makala ya majaribio, tafuta kwanza kama mpaka umebanwa pande zote mbili. Kama haujabanwa, nukta hizo zichukulie kama kikomo cha juu tu.

La pili: maji ya kina hicho huyeyusha silika na magnesi nyingi. Yakipoa, vilivyoyeyuka huganda kama talki au vumbi lisilo na umbo kati ya chembe. Asiyezoea ataandika kwamba talki ilikuwa imara kwenye GPa 6. La tatu, tofauti ya joto kutoka katikati hadi mwisho wa kapsuli huweza kufika nyuzi 20 hadi 50, kwa hiyo kapsuli ndefu haifai. La nne, mgandamizo hausomwi moja kwa moja. Unasawazishwa kwa mabadiliko yanayojulikana, kama silika ya kwatzi kugeuka koesaiti karibu na GPa 3, na sawazisho la mashine baridi hupotoka mashine ikipashwa. Na kama sampuli ina chuma, usitumie platini. Platini hukinyonya chuma kutoka kwenye madini na kukuachia mwamba wenye kemia nyingine kabisa.

Kuna maabara, mfano SPring-8 ya Japani, ambazo hupitisha eksirei kali ndani ya mashine wakati sampuli bado iko kwenye moto, hivyo mabadiliko yanaonekana yakitokea na tatizo la pili linaisha. Tatizo la kwanza halimwachi mtu.

SWALI: Napita mara kwa mara barabara ya Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera. Nimesikia upande wa Isimani kuna miamba iliyowahi kuzama chini ya dunia ikarudi. Ni kweli? Na ina maji?
Msomaji, Mtera

JIBU: Ni kweli, tena ni miamba yenye heshima duniani. Ni eklojaiti, katika ukanda wa Usagara, na utafiti uliochapishwa 1995 uliionyesha kuwa mabaki ya uzamaji wa miaka bilioni 2 hivi iliyopita. Ni miongoni mwa eklojaiti kongwe zinazojulikana. Ilianza kama basalti na ikafika GPa 1.8 na nyuzi 750, yaani kilomita 55 hadi 60 chini.

Ukiipata isiyochakaa, ni nzito kuliko ukubwa wake, na sura iliyovunjwa upya ina ganeti nyekundu zilizotawanyika ndani ya piroksini ya kijani iitwayo omfasaiti. Zote mbili hazina maji kwenye fomula yake. Basalti yenye madini ya maji kama kloraiti na amfiboli ikizama, maji huondoka na eklojaiti ndiyo inayobaki. Chukua lenzi ya mara kumi utazame ukingo wa ganeti: mara nyingi utaona pete nyeusi ya amfiboli. Maji hayo yaliingia baadaye mwamba ukiwa njiani kurudi juu, wala si mabaki ya safari ya kushuka. Wanaoanza huhesabu amfiboli hiyo kama ushahidi kwamba bamba lilikuwa na maji katika kina, wanajidanganya.

Gawanya nyuzi 750 kwa kilomita 60 upate 12 na nusu kwa kilomita. Linganisha na zile njia mbili tulizompa Mwalimu wa Mpwapwa. Serpentini yoyote iliyofikia joto hilo, kwa mgandamizo huo, ingekuwa imevuka mpaka wake wa nyuzi 720 na kubaki bila kitu.

SWALI: Kama miamba ina maji kiasi hicho, kwa nini Serikali isichimbe hadi huko badala ya kuhangaika na visima vya Makutupora?
Msomaji, Nzuguni

JIBU: Shimo lenye kina kirefu kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa na binadamu, la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262, na joto la chini lilikuwa nyuzi 180. Hizo ni kilomita 12, na sisi tunazungumzia 200. Hata serpentini ya Haneti, iliyo juu ya ardhi, ukichoma tani nzima kwa nyuzi 750 utapata lita 130 kwa gharama ya umeme ambayo hakuna mamlaka ya maji itakayoisaini. Makutupora pana nafuu.

SWALI: Nilisoma kwamba 2014 waligundua bahari kubwa chini ya dunia ndani ya almasi. Bahari inakaaje ndani ya almasi?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Haikai. Kilichopatikana ndani ya almasi moja kutoka Juína, jimbo la Mato Grosso, Brazili, ni chembe ya madini yaitwayo ringwudaiti, ndogo kuliko upana wa unywele. Ringwudaiti ni olivini iliyobanwa hadi mpangilio wake ukabadilika, na huishi kati ya kilomita 520 na 660 hivi. Chembe hiyo ilikuwa na maji karibu asilimia 1.4 ya uzito, nayo yamefungwa kama haidroksili, hakuna bwawa wala mto. Neno "bahari" lilitokana na hesabu: tabaka la kilomita 410 hadi 660 ni nene sana, na kama lote lingekuwa na asilimia 1 tu, jumla ingelingana au kuzidi bahari za juu. Chembe moja haithibitishi kwamba tabaka lote liko hivyo. Inathibitisha kwamba mahali hapo, wakati huo, palikuwa na maji.

Yamefikaje? Njia mojawapo ni ile ya lango la GPa 6. Ringwood na Major waliripoti 1967 madini mapya ya magnesi yenye maji waliyoyatengeneza kwa mgandamizo mkubwa, wakayaita kwa herufi: A, B, C. Orodha imerefuka tangu hapo. Katika bamba lililobaki baridi, Fezi A humkabidhi Fezi E, kisha Fezi B yenye maji mengi, kisha Fezi D, ambayo maabara imeishikilia hadi mgandamizo wa kina cha kilomita 1,200 hivi. Chini zaidi kuna Fezi H, iliyotabiriwa kwa kompyuta 2013 na kutengenezwa maabara mwaka uliofuata. Njiani, kila joto linapozidi kiwango cha mrithi aliyepo, maji hutoka na kuingia kwenye ringwudaiti na ndugu yake wadslaiti, ambazo kila moja inaweza kubeba asilimia 2 hadi 3. Chini ya kilomita 660 madini makuu, bridgmanaiti, hubeba maji kidogo mno. Kwa hiyo bamba likivuka hapo likiwa na joto, maji hubaki juu ya mpaka au huyeyusha mwamba ulio karibu. Likivuka likiwa baridi, Fezi D huyachukua na kushuka nayo.